EPIRB, PLB au simu tu? Jibu kwa nahodha anayevua nje ya Kiwayu

*"Assalamu alaikum fundi. Nina boti ya faiba ya futi 28, injini moja ya 40, na mabaharia watano, mimi wa sita. Tunavua nguru na jodari kwa mshipi nje ya Kiwayu, na mara nyingine twalala huko huko. Kusi iliyopita injini ilituzimikia usiku, simu haina mtandao, nanga haifiki chini. Tulichukuliwa na mkondo mpaka alfajiri, Mungu akatuletea jahazi likatuvuta. Tangu siku hiyo mke wangu hanipi raha, ataka ninunue kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti. Duka moja la Mombasa waniambia nichukue EPIRB inayojifungua yenyewe chombo kikizama. Mwenzangu wa Malindi aniuzia yake ya zamani, iliyotoka kwenye meli, kwa bei ya kutupa. Mwanangu asema PLB ndogo yatosha. Nahodha mwingine asema vyote hivyo ni vya Wazungu, hapa hakuna atakayekuja. Pesa zangu zatosha kitu kimoja tu. Ninunue kipi?"*

Waalaikum salaam, nahodha. Alhamdulillahi mlirudi salama, na mke wako ana haki yake. Umeniuliza kifaa kipi, lakini ndani ya barua yako mna maswali mawili. La kwanza ni la duka: kipi kinaifaa boti yako. La pili ni lile la nahodha mwenzako, kwamba hakuna atakayekuja. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu kama ni kweli, hata hilo la kwanza halina maana.

Ukiwasha kifaa cha megahezi 406, iwe EPIRB (kifaa cha dharura cha chombo) au PLB (kile kidogo cha kuvaliwa na mtu), hukiwashi ili jirani akusikie. Kila baada ya kama sekunde 50 kinarusha juu ishara fupi ya nusu sekunde hivi, kwa nguvu ya wati 5. Ishara hiyo imebeba namba tambulishi ya kifaa chako, na kama kina GPS ndani, imebeba pia mahali ulipo. Juu kuna setilaiti za aina kadhaa zinazosikiliza masafa hayo mchana na usiku, zikiwemo zile zile za GPS na Galileo zinazotuonyesha njia kwenye simu. Mpango wenyewe unaitwa Cospas-Sarsat. Ulianzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti wakati mataifa hayo yalikuwa hayaelewani kwa mengi, na watu wa kwanza waliokolewa kupitia kwao mwaka 1982. Hulipi ada ya mwezi wala kadi. Setilaiti inaangusha ishara kwenye kituo cha ardhini, kituo kinaipeleka kwa waratibu wa uokoaji wa eneo ulipopotelea. Kwa bahari yetu, waratibu hao wako Mombasa, kwenye kituo cha kanda cha uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006 chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ile tunayoiita KMA.

Kwa hiyo taarifa itafika. Ukiwa na GPS ndani ya kifaa na anga wazi juu yako, itafika kwa dakika, si kwa saa. Pale ndipo penye ukweli nusu wa mwenzako: taarifa kufika Mombasa si sawa na chombo kung'oa nanga. Jambo la kwanza analofanya mratibu ni kutafuta ile namba tambulishi kwenye daftari la usajili, aone ni chombo gani, rangi gani, watu wangapi, na apigie nani simu. Ishara nyingi mno zinazopokelewa duniani si za dharura. Ni vifaa vilivyoguswa kimakosa, vilivyoanguka majini, vilivyotupwa jaani vikiwa na betri. Mratibu lazima ahakikishe. Akikuta namba haijasajiliwa, hatakupuuza, lakini ataanza gizani: hajui anatafuta ngalawa, boti au meli ya mizigo, hajui mko mmoja au kumi. Akikuta imesajiliwa na simu ikapokelewa na mtu anayesema, "Ndiyo, walitoka Kizingitini jana alasiri, boti nyeupe yenye mstari wa buluu, watu sita, walikuwa warudi leo adhuhuri," mambo yanakwenda kwa mwendo mwingine kabisa.

Na atakayekuja ni nani? Sitakudanganya kwamba helikopta itakuwa juu yako baada ya nusu saa, kama kwenye sinema. Huku kwetu anaweza kuwa Walinzi wa Pwani, walioanzishwa mwaka 2018, au jeshi la wanamaji, au meli ya mizigo iliyokuwa inapita na ikaombwa igeuze njia. Na mara nyingi, wewe wajua kuliko mimi, ni wavuvi wenzako waliopigiwa simu kupitia BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yenu ndogo. Tofauti ya kuwa na kifaa na kutokuwa nacho ni kwamba hao wavuvi hawaendi kubahatisha. Wanapewa mahali.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu jambo la mkondo lazima lihesabiwe. Msimu wa kusi maji yetu yote yanakwenda kaskazini. Mkondo wa pwani yetu unashika nguvu na kuungana na ule wa Somalia, na nje ya mwamba unaweza kupita maili mbili kwa saa, mara nyingine zaidi. Chukua mbili tu. Kwa saa kumi za usiku umeshakwenda maili 20 bila kupiga kasia, na kutoka usawa wa Kiwayu hadi mpaka wa Somalia ni chini ya maili 40 za baharini. Kaskazi ni hadithi nyingine: mkondo wa Somalia unageuka unashuka kusini, unakutana na ule unaopanda kutoka Malindi, na maji yakishakutana yanatoka nje, yanaelekea mashariki, bahari kuu. Kwa hiyo anayekutafuta asubuhi pale ulipoonekana jana jioni anatafuta mahali ambapo haupo. Kifaa kisicho na GPS, setilaiti zinaweza kukikadiria mahali kilipo ndani ya kilomita 5 hivi. Kilomita 5 kila upande ni eneo la karibu kilomita 78 za mraba, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ya kusi hukioni ukiwa mbali hata kidogo. Chenye GPS kinatoa mahali kwa makosa ya mita mia moja na kitu, na kinaendelea kutuma mahali papya kadiri unavyochukuliwa. Ndiyo maana nasema bila kusita: usinunue kisicho na GPS ndani, hata ukipewa nusu ya bei.

Sasa ile ya mwenzako wa Malindi. Kifaa kilichotoka kwenye meli nina mashaka nacho kwa mambo matatu. Betri zake si za kubadilishwa nyumbani kama za tochi. Zimefungwa ndani, zina tarehe ya mwisho iliyoandikwa ubavuni, na kubadilisha ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa na kiwanda, kwa sababu akifungua vibaya maji yataingia. Pili, kifaa hicho bado kina namba ya meli ile, na pengine ya nchi nyingine. Ukikiwasha nje ya Pate, mratibu atampigia mwenye meli Panama au India, naye atajibu kwamba meli yake iko salama bandarini. Tatu, kama ni cha zamani sana, angalia maandishi yake yanasema nini. Kama kimeandikwa 121.5 peke yake, hicho ni pambo. Setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Masafa ya 121.5 bado yamo ndani ya vifaa vipya, lakini kazi yake ni kumwongoza aliyekwisha kukaribia mwenye chombo cha kunusa ishara, si kuita. Bei ya kutupa, nahodha, ni kwa sababu kinatupwa. Ukitaka kumfaa mwenzako, mwambie akipeleke mahali kitakapozimwa vizuri na betri kutolewa kabla hakijaanza kupiga kelele chenyewe jaani.

Twende kwa muuza duka wa Mombasa. Hajakudanganya, alichokushauri ni sahihi kwa chombo kingine. EPIRB inayojifungua yenyewe hukaa ndani ya kasha lenye kifungulio kinachosukumwa na mgandamizo wa maji. Chombo kikishuka chini, kati ya mita moja na nusu na mita nne kifungulio kinakata, kasha linafunguka, kifaa kinaelea juu na kujiwasha. Kwa meli ya chuma au trola inayozama kama jiwe, hicho kimeokoa watu ambao hawakupata hata muda wa kuvaa viatu. Lakini fikiria boti yako. Faiba yenye povu ndani ya kuta zake haizami mita nne. Inajaa maji au inapinduka, halafu inaelea tumbo juu, na nyinyi mmeng'ang'ania mkuku. Mashua ya mbao nayo ni hivyo hivyo, mti hauzami. Kasha la EPIRB litakuwa chini ya boti, kina cha nusu mita, limetulia tuli, linasubiri mita nne ambazo hazitakuja. Na hata likifunguka, huenda kifaa kikanasa chini ya turubai. Juu ya hayo, kile kifungulio kinabadilishwa kila baada ya miaka miwili, na hiyo ni gharama ambayo muuzaji pengine hakuitaja.

Ipo EPIRB ya pili, ya kutolewa kwa mkono kutoka kwenye kishikio chake. Hiyo ni nzuri, na ina sifa mbili ambazo PLB haina. Inaelea wima, antena juu, bila kushikwa na mtu. Na inarusha ishara kwa saa 48 au zaidi, ilhali PLB imehakikishwa saa 24 tu. Ina taa inayomemeteka, na za kisasa zina AIS ndani, ule mtambo wa redio ambao vyombo hutambuana kwao, hivyo meli iliyo karibu itakuona kwenye skrini yake kama alama ya mtu aliye hatarini. Tangu bandari mpya ya Lamu ilipoanza kazi mwaka 2021, meli kubwa zinazokaribia maji yenu si jambo la ajabu tena, kwa hiyo hilo si dogo.

Lakini ina tabia moja ambayo wavuvi wa boti wazi lazima waijue. Ikitoka kwenye kishikio na ikaguswa na maji, inajiwasha. Kwenye kishikio kuna sumaku inayoizuia. Sasa boti zetu ngama haikauki. Mtu akiichomoa EPIRB aifutie chumvi, akaiweka chini kidogo apokee kamba, imeshaita Mombasa. Ikitokea hivyo, izime na upige simu kituo cha uokoaji mara moja useme ni bahati mbaya. Usinyamaze kwa aibu. Kunyamaza ndiko kunakotoa watu usiku kwenda kutafuta boti iliyotia nanga Shela.

PLB ni ile ya mwanao: ndogo, ya kuingia kiganjani, unaivaa. Namba yake ni ya mtu, si ya chombo, na haijiwashi kwa maji; lazima uinyanyue antena na ubonyeze. Udhaifu wake nimeshautaja, saa 24, na hili la pili ambalo watu hawalisemi: nyingine zinaelea, nyingine haziwezi bila kifuko chake, na hata inayoelea haisimami wima. Mtu lazima aishike juu ya maji, antena ikitazama mbinguni, saa baada ya saa. Kwa mtu mmoja aliyechoka ni kazi ngumu. Kwa watu sita wanaopokezana inawezekana.

Hukumu yangu basi, kwa boti yako na kwa pesa ya kitu kimoja: nunua PLB yenye GPS, na uivae wewe. Siyo kwa sababu ni rahisi, ingawa kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya EPIRB. Ni kwa sababu ya namna boti kama yako inavyopatwa na ajali. Wimbi la mlangoni linapoingia kwa tezi, hakuna sekunde kumi za kwenda kuchukua kitu kwenye kishikio. Mtakachokuwa nacho majini ni mlichovaa. Hapo pia nakutajia jambo ambalo pengine hutalipenda: PLB iliyofungwa kwenye jaketi la kuokoa maisha lililowekwa chini ya ubao kama mto wa kulalia haina faida yoyote. Livae. Joto nalijua. Yako majaketi membamba yanayojijaza upepo yenyewe yakiguswa na maji, na kwa kazi ya mshipi hayazuii mikono. Kama huwezi kabisa, basi PLB iwe kiunoni kwenye mkanda, imefungwa kwa kamba, si mfukoni mwa koti.

Ukipata tena pesa, kifaa cha pili kiwe EPIRB ya mkono, ifungwe karibu na msukani mahali ambapo mkono unafika hata boti ikiwa imeinama. Na kama kesho utaanza kubeba abiria au kupeleka watalii Kiwayu, hesabu inageuka: hapo EPIRB inatangulia, na masharti ya leseni ya chombo utayapata kwa KMA kabla hujanunua chochote.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja, nayo kwa masaibu uliyoyapata wewe ingekuwa ya kufikiriwa: kile kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Angalia, usiku ule hamkuwa mnazama. Injini ilikufa, mlikuwa wazima, boti kavu. Kifaa cha kuandikiana kingekuwezesha kumwambia ndugu yako Faza, "Injini imekufa, tuko hapa, njoo utuvute," naye akakujibu, "Natoka." PLB haijui kusema hivyo. Inasema neno moja tu, tuokoeni. Lakini kifaa cha ujumbe kinataka malipo ya kila mwezi, kinataka kuchajiwa, na si kila mtandao wa setilaiti unafunika bahari yetu sawasawa. Ule wa Iridium unafunika dunia nzima, mingine ina mapengo. Nimeona wengi wakilipa miezi mitatu ya mwanzo kisha wakaacha, na kifaa kikabaki saa ya ukutani. PLB inakaa kimya miaka mitano, saba, bila kudai shilingi, na siku ukiibonyeza inafanya kazi. Kwa mtu wa kitu kimoja, bado nabaki na PLB. Simu mpya zinazodai kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti usizitegemee kabla hujathibitisha kwamba huduma hiyo imefunguliwa Kenya na kwa simu yako hiyo hiyo.

Redio ya VHF ya mkononi isiyoingia maji ni rafiki mzuri wa PLB, chaneli 16, na si ghali. Ila ishara yake haipiti upeo wa macho: kutoka boti ya chini hadi boti ya chini nyingine ni maili chache tu. Fataki nyekundu za mkononi zinawaka kama dakika moja, basi usiziwashe mpaka umeona au umesikia chombo. Kioo na firimbi havina betri, uwe navyo.

Swali ambalo hukuuliza na ambalo ni zito kuliko bei: lini ubonyeze? Kifaa hiki ni cha hatari kubwa iliyo karibu na roho. Injini kuzima ndani ya mwamba, mchana, nanga imeshika na simu ina mtandao, si dharura ya setilaiti, piga simu. Injini kuzima nje, usiku, nanga haifiki chini, mkondo unawachukua na hakuna anayewasikia, hiyo ni dharura hata kama boti ni kavu na hakuna aliyejeruhiwa. Usiku wenu ule, mngebonyeza. Manahodha wetu wana ugonjwa wa kusubiri, kila mtu anaona haya kuonekana ameshindwa, mpaka asubuhi inakuta wako maili 20 mbali na betri ya simu imekwisha. Saa ya kwanza ndiyo saa ambayo mahali pako ni karibu na watu. Ukishabonyeza, usizime ili kuhifadhi betri. Kinachowashwa na kuzimwa kinamchanganya mratibu. Kiache kirushe hadi uokolewe au kituo kikuambie uzime.

Ukienda kununua, muulize muuzaji kama kifaa kimewekewa namba ya nchi ya Kenya, ambayo ni 634. Vingi vinavyoagizwa kutoka Dubai au Uingereza vinakuja na namba za huko. Muuzaji mwenye mashine ya kiwanda anaweza kubadilisha, na afanye hivyo kabla hujalipa. Soma tarehe ya betri kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi. Kama umeagiza kwa ndege, jua kwamba betri za lithiamu husafirishwa kwa masharti, kwa hiyo anayekuahidi kukuletea kwenye begi la mtu usimwamini haraka. Utaona pia vifaa vyenye huduma ya Galileo ya kujibu, iliyoanza mwaka 2020: taa inawaka kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa. Inatia moyo, na ningependa kila mtu awe nayo, lakini taa hiyo haisemi kwamba chombo kimetoka kuja kukuchukua. Tena haifanyi kazi bila kifaa kuwekewa namba inayoruhusu huduma hiyo, kwa hiyo uliza kwanza.

Kisha usajili, na hapa ndipo wengi wanaponunua kifaa kizima na kukitumia nusu. Ule msururu wa herufi na tarakimu 15 ulioandikwa kwenye kifaa lazima uingie kwenye daftari pamoja na jina lako, boti yako na simu za watu wa nchi kavu. Anzia KMA Mombasa. Lipo pia daftari la kimataifa la Cospas-Sarsat, la bure, kwa vifaa ambavyo nchi yake haina daftari la mtandaoni. KMA watakuambia cha kwako kiingie wapi. Kwenye nafasi ya mawasiliano usiandike namba yako, maana siku hiyo simu yako itakuwa majini nawe. Usiandike ya baharia wako pia. Mwandike mke wako, kisha mwenyekiti au katibu wa BMU yenu, na mwingine anayepokea simu za namba asizozijua saa nane za usiku. Wa kwanza ajue kila safari mmetoka saa ngapi, mko wangapi, mnaelekea wapi na mnarudi lini. Wa BMU awe anajua kuandika nyuzi za GPS anazosomewa kwa simu na kuziingiza kwenye kifaa cha boti itakayotoka, kwa sababu kusikia tarakimu usiku wa upepo na kukosea moja ni kutuma watu Kipini badala ya Kiunga. Na wakishatoka, waendelee kuuliza kituo mahali papya, mkondo haukusubiri. Ukibadilisha simu, ukiuza boti, rekebisha daftari siku hiyo hiyo.

Wafundishe mabaharia wote watano. Wakae ufukweni, kila mmoja aonyeshe bila kubonyeza: antena inanyanyuliwa hivi, kitufe ni hiki, anga iwe wazi, mkono usiizibe. Siku utakayogonga kichwa wewe, asiyejua atakuwa ameshika kiplastiki. Kifaa kina namna yake ya kujipima. Fuata kijitabu, usipime kila wiki kwa udadisi maana kila kipimo kinakula betri.

Haya nimekujibu kwa maandishi, lakini mengine yanataka kuonana. Kabla ya kulipa, peleka kifaa kwa fundi wa redio za baharini akisome namba kwa mashine, asikisie kwa macho. Kwa leseni na usajili nenda KMA mwenyewe ukiwa na karatasi za boti. Na kabla ya yote hayo, nahodha, mwite fundi wa injini aje Lamu au umpelekee: injini moja ya petroli inayozima usiku nje ya mwamba mara nyingi ina maji kwenye mafuta, chujio lililoziba, au waya wa plagi uliolika chumvi. Afungue tangi alikaushe, abadilishe chujio, akuachie chujio la akiba, plagi za akiba na kamba ya kuvutia, nawe ujifunze kuzibadilisha gizani kabla hamjatoka tena.